Nani Alikuwa Anazima Chaja Yangu?

Kwa wiki mbili nzima kuna mtu alikuwa anazima chaja yangu nikiwa sipo.

Hivyo ndivyo nilivyoamini, na imani hiyo imeniponza mpaka leo.

Mimi ni fundi friji. Baiskeli yangu ya umeme niliiunda kwa mikono yangu mwenyewe: mota kwenye gurudumu la nyuma, na betri niliyoifunga kwa seli za kompyuta mbovu. Mistari kumi na mitatu ya seli, kila mmoja na kawaya kake kwenda kwenye bodi ndogo ya ulinzi. Mstari wowote ukijaa kupita kiasi, bodi inakata chaji. Kazi yake ni hiyo tu.

Kila asubuhi nilikuwa naacha betri kwenye chaji pale mlangoni, maana soketi nzima ilikuwa hiyo moja. Naenda kutengeneza friji za watu, narudi saa sita, napachika betri, naenda zamu kiwandani. Chaja ina feni. Ikiwa inachaji, feni inazunguka. Ikimaliza, inanyamaza.

Siku moja narudi, feni kimya, chaja baridi. Nikajua imejaa.

Imejaa wapi! Betri ilinifia mlimani, nikasukuma baiskeli kilomita nne huku madereva wakinipigia honi za kejeli.

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Na nyumbani asubuhi anabaki mtu mmoja tu. Mama mkwe.

Mke wangu ni mshonaji, anashinda kibandani kwake. Mtoto yuko chekechea. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Mama mpole kupita kiasi, ila na umeme hawaelewani kabisa. Akiona taa inawaka mchana, anazima. Redio isipokuwa na msikilizaji, anachomoa.

Ningetumia akili dakika mbili tu, ningejua si yeye. Swichi nilikuwa naikuta imewashwa! Angekuwa anazima na kuwasha, feni ingeanza kuzunguka tena. Fundi mzima mimi, na hilo sikuliona.

Jumapili, mtoto ameshalala, tukiwa mezani watu watatu, nikalianzisha.

"Mama, naomba ile chaja usiiguse."

"Sijaigusa, baba."

"Sasa inazimwa na nani? Mzimu?"

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikajifanya sijahisi.

"Nachelewa kazini, naonekana mpuuzi, kisa mtu anaogopa umeme. Sema ukweli tu, yaishe."

Mama akaniangalia. Akamwangalia binti yake. Akaweka kijiko chini.

"Basi ni mimi, baba. Nilizima. Nisamehe."

Nikajiona mshindi, jamani.

Baada ya siku mbili akafungasha, akasema amewakumbuka wajukuu wa kwa mwanawe mkubwa. Mke wangu alilia. Mimi nikasema, "Si amekiri mwenyewe?"

Siku iliyofuata nikaweka betri kwenye chaji, nikafunga mlango, ufunguo mfukoni.

Saa sita narudi. Feni kimya. Chaja baridi.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijua palepale kwamba nimemsingizia mama wa watu. Niliona aibu kubwa. Kilichotakiwa ni kupiga simu moja tu.

Sikupiga. Jioni mke wangu akauliza, "Leo imejaa?"

"Imejaa. Si nilikwambia?"

Sasa ili uongo wangu usimame, betri ilibidi ijae kweli. Ningepima mstari mmoja mmoja kwa mita, ni kazi ya nusu saa, lakini nilikuwa na haraka ya kujisafisha. Nikasema bodi ni mbovu. Nikairuka: waya wa chaja nikauunga moja kwa moja kwenye betri.

Feni ikazunguka vizuri. Siku tisa nilipanda ule mlima napiga miluzi.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Niko mtaa wa pili, kichwa ndani ya friji ya watu, nikasikia mke wangu anapiga kelele.

Nilipofika, moshi mzito unatoka mlangoni na betri inatema moto. Nyumba ina mlango huo mmoja. Madirisha yote yana nondo. Ndani yuko mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Mara akatokea kwenye moshi, mtoto kamfunika kwa blanketi lililolowa maji, akaruka juu ya ile betri, akatua nje.

Mtoto hakuguswa. Mke wangu mguu uliungua kutoka kifundo mpaka gotini.

Siku ya tatu, fundi aliyenifundisha kufunga betri alikuja kuangalia mabaki uani. Mke wangu alikuwa kwenye kiti, mguu una bandeji.

"Nani kairuka bodi?" fundi akauliza.

"Mimi. Ilikuwa mbovu, inakata chaji."

"Ilikuwa nzima hii. Ona moto ulipoanzia, ni huu mstari. Seli zake zilichoka, zikawa zinajaa kabla ya nyingine. Bodi ilikuwa inakata ili zisilipuke. Wewe ukazilazimisha." Akanitazama. "Ilianza kukata lini?"

Mke wangu akaniwahi kujibu.

"Ilianza mama akiwa hapa," alisema taratibu. "Na bodi umeiruka lini?"

Nikainama kuokota vipande vya betri.

"Umeiruka mama ameshaondoka. Kwa hiyo ulijua."

Fundi akakumbuka ghafla kuwa ana mteja, akaaga.

Nilimpigia mama mkwe hapohapo, mke wangu akisikia. Nikakiri kila kitu. Yeye aliulizia kwanza mguu wa binti yake. Kisha nikamuuliza, kwa nini alikubali kosa lisilo lake?

"Baba, ulikuwa unatafuta mtu wa kumlaumu, na mezani tulikuwa watatu. Wewe hukuwa tayari kulibeba. Ningemwachia binti yangu?"

Ndugu zangu mnaounda baiskeli: bodi ikikata chaji, msiiruke. Pimeni kila mstari, toeni seli zilizochoka. Chajini mkiwepo, mbali na mlango mnaoutegemea kutokea. Na ukigundua umemsingizia mtu, mwambie siku hiyo hiyo.

Mguu umepona, umebaki na kovu. Mama mkwe anasema alishanisamehe. Ila kila nikimwomba arudi kukaa kwetu, ananijibu kwa upole kwamba atafikiria.