Mugongo Yangu na Mugongo ya Mama wa Kamango

Shingo yangu mimi ni ya ng'ombe. Ungefunga kanisa ya paruasi na kamba, ningeivuta kutoka Butembo mupaka Beni, na batu ndani banaendelea kuimba. Ni kuni ndiyo ilinipatia hii shingo. Kwetu bamama banabebaka kitunga ku mugongo, mukanda inapita ku paji ya uso, mikono inabakia bure. Donc siku rafiki yangu aliachaka kutembea, sikufikiri sana. Nilikata kitunga yangu ya kuni upande moja, nikatandika nguo ya zamani ndani, nikamwambia: ikala.

Tulikuwa tumetoka wote Kipese tukiwa basichana, tukaolewa Butembo, tukazika bwana zetu Butembo. Miguu yake ilikufa na ugonjwa ya uti wa mugongo. Batoto yake, vita ilikuwa imebatawanya. Mimi nilimupikia, nilimuosha, nilimubeba ku misa na ku soko, na mvi yangu yote ku kichwa. Hakuna mutu alinilipa. Na kama mutu angekuja na mushahara, ningemufukuza na ufagio, juu kazi ile ilikuwa yangu.

Mu kitunga, munaikala mugongo kwa mugongo. Mimi ninaangalia mbele, yeye anaangalia nyuma. Ili tuongee, lazima kupiga kelele. Butembo muzima ilijua siri zetu.

"Mwenzangu," anapiga kelele kule nyuma, "kuko muzee moja wa kofia anatufuata toka soko. Nafikiri anakutaka."

"Anaona sura yako, si yangu," namujibu. "Mwambie mahari ni mbuzi kumi, na mimi ninakuja juu kama nyongeza."

Soko yote inacheka.

Kisha vita ya pili ikatuletea mama moja wa kutoka Kamango. Mujane, mukimbizi, mudogo kwetu, mikono kama mitwangio. Alifika na kifurushi kidogo na meno mingi, juu alikuwa anacheka kila saa. Rafiki yangu akasema alale ku jikoni. Nikakubali. Nilifikiri ni kwa siku kidogo, mais aliikala mupaka akajua pahali tunafichaka chumvi.

Asubui moja natoka ku kisima, naona nini? Rafiki yangu yuko ku mugongo ya ule mama, amefungwa na kikwembe kama mutoto, kidevu ku bega.

"Yaya, dada yangu mukubwa, nimesema nikusaidie kidogo," ule mama akaniambia.

"Ni laini, mwenzangu," rafiki yangu akasema. "Kitunga yako inanitobolaka matako."

Myaka yote ile, kitunga yangu haikuwa imetobola mutu.

Kilichoniua si matako. Ni mudomo. Ku kikwembe, mudomo ya mwenye kubebwa iko karibu na sikio ya mwenye kubeba. Bakaanza kunong'ona. Mimi na yeye tulikuwa tunapiga kelele kama bachunga ng'ombe, sasa naye yuko na siri za polepole na mutu wa jana. Wivu ilinikamata kama malaria. Nilikosa hamu ya kula, nikawa ninakula sahani tatu tu. Nilimuomba Bikira Maria amutumie ule mama jipu ku mugongo. Jipu ilifika mu nyumba kweli, mais ilikosea kitanda. Ilinitoka mimi.

Kisha masasi ya bunduki ikalia upande wa barabara ya Beni. Batu banakimbia, baaskari banakimbia, ata bambuzi. Nilivaa mukanda ku kichwa, nikachutama mbele ya rafiki yangu. Ule mama naye akachutama, kikwembe ku mukono. Migongo mbili mbele yake, kama bataximan babili banagombania mutu ku parking.

Rafiki yangu akaangalia mugongo huu, akaangalia ule.

"Mama wa Kamango, nibebe weye. Mwenzangu, weye chukua sufuria na maharagi."

Maharagi. Shingo ile yote, maharagi.

Tukashika njia ya Kipese. Bao babili mbele, mimi nyuma. Na mudomo ile ku sikio ile, haifunge ata kidogo. Goti yangu ilianza tena kuuma mu mupando ya kwanza ya mulima. Nikawa ninasimama, najifanya ninafunga kikwembe. Kila mara bao pia banasimama, ninafika karibu, banaendelea. Nikasema mu roho: bananicheka. Banapanga kuniacha ku kona.

Mu mupando ingine ule mama akaikala chini, jasho inamutirika.

"Umechoka, mudogo wangu?" nikamuuliza na sauti ya asali. "Pole. Mimi bado kabisa. Na toka muji munasema nini juu yangu?"

"Yaya, uyu mama ananimaliza sikio," akajibu. "Kila saa ni: polepole, goti yake inauma. Simama, anajifanya anafunga kikwembe. Usigeuke, atakasirika."

Rafiki yangu alikuwa anaangalia miti.

"Kama ningepanda kwako," akasema, "ungekufa mu mulima na mimi juu yako. Na kiburi ile, usingesema."

Nilikasirika zaidi. Goti yangu ilikuwa maneno ya sisi babili. Nani alimuambia aipeleke kwa mutu wa Kamango?

"Nipe mutu wangu," nikasema. "Mupaka pale juu tu."

Ule mama akamufunga ku mugongo yangu na kikwembe, namna ya kwao. Mara ya kwanza mudomo ya rafiki yangu ilikuwa ku sikio yangu. Nikatembea polepole, nangoja siri. Siri haikuja. Mate ndiyo ilikuja, ikanitirika ku shingo. Alikuwa amelala, na masasi bado inalia kule chini.

Ule mama, na sufuria ku kichwa, akachungulia sura yake.

"Ku mugongo yangu hakulalaka ata kidogo," akasema.

Nilimuomba arudilie. Nilikuwa nimesikia muzuri.