Nilifuata Talaka ya Mchumba Wangu Ruangwa, Nikarudi na Wivu Zaidi

Admin, naomba unifiche jina, na kama kuna mtu wa Nachingwea atakayenitambua humu, tafadhali apite kimya.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nasuka nywele hapa Nachingwea, sijawahi kuolewa. Nina mchumba, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, nitamwita Baba Shani kwa jina la binti yake. Tangu mwanzo aliniambia wazi kwamba waliachana na mkewe, na kwamba huyo mwanamke yuko kwao Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, pamoja na mtoto. Nikasema sawa, nani hana historia.

Lakini jamani, wivu ninao. Kila Jumapili anawasha pikipiki kwenda kumwona mtoto. Anabeba sukari, sabuni, siku nyingine samaki. Nikimwambia twende wote, anasema safari nyingine. Simu ya Mama Shani ikiingia anatoka nje, na sauti anayoongea nayo huko sijawahi kuisikia akiongea na mimi. Ya taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Akirudi jioni namnusa shati. Ndiyo, namnusa, nichekeni tu. Sikuwahi kukuta kitu zaidi ya vumbi na jasho, ila moyo haukutulia.

Tulipotaka kufunga ndoa ya bomani tukaambiwa, kwa kuwa yeye alishawahi kuoa, alete nakala ya talaka kutoka mahakamani. Akasema ataifuata. Ukapita msimu wa ufuta, ukaja wa korosho, hajaifuata. Mara kazi nyingi, mara wiki ijayo. Nikajiambia huyu hana talaka yoyote, mke anaye, mimi ndiye ninayezugwa.

Siku moja nikafunga saluni, nikaenda Ruangwa mwenyewe. Karani wa mahakama, mama mmoja mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe ni nani kwenye shauri hili?"

Nikasema mimi ni mchumba wake.

"Binti, nakala tunampa mhusika. Mlete yeye mwenyewe, au huyo mtalaka wake."

Mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilipanda bodaboda hadi Chinongwe kumtafuta Mama Shani.

Njia nzima naomba nimkute amechakaa. Nikamkuta anapeta mbaazi uani, mrefu, mweusi wa kung'aa, amejifunga kitenge cha kazi na bado anapendeza. Ni mkubwa kwangu, nilipaswa kumwamkia shikamoo, ulimi ukagoma. Nikasema tu, "Habari za hapa."

Akanitazama. "Wewe ndiye wa Nachingwea?"

"Ndiyo."

"Karibu, mdogo wangu. Shani, mletee mgeni kiti."

Sikukaa. Nikamweleza kwamba nimefuata talaka na karani anamtaka mhusika. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata raba nilivaa kabisa. Yeye akanyanyuka, akanawa mikono, akabadilisha nguo, akasema, "Twende kabla hawajafunga." Wivu ulionishika pale ulizidi hata ule ambao ungenishika kama angenitukana. Nilitaka awe mbaya, na hakuwa mbaya.

Tulisubiri nje ya mahakama huku wakitafuta jalada. Alipopewa ile nakala akanikabidhi bila kuifungua. Nikaisoma pale pale kwenye benchi. Talaka ipo, halali kabisa. Ila aliyeidai ni Mama Shani. Mchumba wangu aliikataa. Aliiambia mahakama kwamba bado anampenda mke wake, akaomba aongezewe muda wapatanishwe.

Nikamgeukia Mama Shani. Nikamuuliza, "Kwa nini ulimwacha?"

"Tulizika mtoto wa kiume," akasema. "Baada ya hapo kila nikimtazama baba yake, namwona mtoto. Nikawa siwezi hata kula naye. Hakunikosea kitu. Mpaka leo akija Jumapili anaanzia kaburini, anapalilia, ndipo anakuja kwa Shani. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Hata kwamba kulikuwa na mtoto mwingine sikujua.

"Mkishafunga ndoa usimkataze kuja," akasema. "Mimi simtaki, mdogo wangu. Kweli simtaki."

Alifikiri ananifariji. Mtu ninayempigania hivi, mwenzangu alimwachia tu.

Jioni ile nikamwekea Baba Shani nakala mezani. Akaiangalia bila kuigusa. "Ndiyo maana sikuifuata," akasema. "Sikutaka uyasome hayo."

"Angekubali kurudi, ungenichumbia mimi?"

"Hakukubali."

"Sikukuuliza hilo."

Akaifunika ile nakala kwa kiganja. "Usinilazimishe kudanganya," akasema. "Ninachojua, leo nakupenda wewe, na bomani nataka kwenda na wewe."

Sasa mwenye haraka ni yeye. Ameshaomba tarehe, ameshamwambia mama yangu, na mama ameshawaambia mashangazi. Jumapili iliyopita akasema, "Leo twende wote." Nikakataa, kisha nikashinda ndani nikiwawaza wawili hao wameinama pamoja kwenye kaburi la mtoto wao. Nina wivu na mwanamke asiyemtaka. Mungu anisamehe, nina wivu hata na marehemu. Juzi nilitaka kumwambia achague, Chinongwe au mimi. Maneno yalifika mdomoni nikayameza, kwa sababu niliogopa kwamba kweli atachagua.

Ninyi mlioolewa na mwanaume aliyeachwa huku bado anapenda, niambieni ukweli. Moyo wake huja wote siku moja, au mnazeeka na kipande? Niende bomani, au nimwache aendelee kumlilia mwenzake? Msinitukane, ndugu zangu. Nisaidieni, nifanyeje?