Upepo wa Makambako unavuma, app inasoma sifuri, na mama yuko kwenye oksijeni

Kamwene wakuu! Mlioko pwani mnisamehe, huku kwetu ndiyo salamu. Hili sijasimuliwa na mtu, limenipata mwenyewe.

Mama yangu mapafu yamechoka. Anaishi nje kidogo ya Makambako na anapumulia mashine ya oksijeni, ile ya umeme. Gridi haiaminiki, kwa hiyo nilimfungia mfumo mseto: sola juu ya bati na turbine ya upepo, vyote vinachaji betri moja. Upepo wa Makambako mnaujua nyie.

Siku hiyo gridi ikakatika asubuhi. Mtungi wetu wa oksijeni ya akiba ulikuwa mtupu, nikaupeleka Njombe kujaza. Betri ilikuwa imeshiba, nikaondoka bila wasiwasi.

Nimeshajaziwa, nafungua app ya simu inayonionyesha umeme wa nyumbani kwa mama.

Betri chini ya nusu, inashuka. Sola karibu hamna kitu, ukungu. Hiyo sawa. Ila upepo: SIFURI.

Sifuri? Makambako?!

Nampigia mama, hapatikani. Jirani yake Mama Gifti, hapatikani.

Wakuu, niliendesha jasho linanitoka na baridi yote ile. Wiki iliyopita nilikuwa nimechezea settings za MPPT, ile akili ya kontrola inayotafuta namna ya kuvuna umeme mwingi zaidi. Nikawa najisemea, nimemuua mama kwa tamaa ya watts.

Nafika, upepo nusura univue kofia, lakini mapanga ya turbine yanazunguka kivivu kama mtu anayekoroga uji. Nikaingia mbio. Betri asilimia ishirini na mbili. Inverta, inayolisha ile mashine kutoka kwenye betri, inakata ikifika ishirini!

Mama ameketi, mrija puani, rozari mkononi. Simu kaizima anasali.

"Mbona unahema wewe? Mgonjwa si mimi?"

Ndipo nikaona swichi ya breki ya turbine ukutani imeshushwa.

"Mama, nani kagusa hii?"

"Mimi. Hilo dude linanguruma mno, mtoto wa Mama Gifti hajalala tangu jana, ana homa. Nikasema apumzike kidogo. Kwani taa ya kijani si inawaka?"

Jamani! Taa ya kijani maana yake inverta inafanya kazi, basi. Haisemi betri ina kiasi gani.

Nikaachia breki. Turbine ikanguruma, namba zikaanza kupanda. Na kule kwa jirani mtoto akaanza kulia. Nikakaa sakafuni, nikalia na mimi, sioni aibu kusema.

Nimeshahamisha mlingoti wa turbine hadi mwisho wa shamba. Waya mrefu unakula watts, najua mafundi mtanisema. Semeni tu. Nilichojifunza ni kwamba tunapiga hesabu za jua, upepo na betri, halafu hatumuulizi anayelala karibu na hayo mapanga.

Mwenye mbinu ya kupunguza kelele zaidi aimwage hapa, nasoma zote. Maana kila nikimpigia mama kumuuliza kama anapumua vizuri, yeye ananijibu kwamba Gifti amelala.