Sweta la Sufu na Jani la Isale

Wiki hii, mimi mtu mzima mwenye shahada mbili, nimekimbia harusi kwa sababu ya kola ya shati. Daktari alishanieleza kwamba nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, na kwamba nikichoka, kila mguso na kila sauti hunizidia. Nikiwa natafuta fulana laini kabatini, harufu ya naftalini ikanirudisha kwenye sweta la sufu la utotoni.

Siku moja tulichuma kahawa tangu asubuhi, na jioni wanajumuiya wakaja kwetu kusali rozari. Sweta ambalo asubuhi liliniwasha kidogo tu, na ambalo baba alinivalisha tena kwa ajili ya wageni, sasa liligeuka kundi la siafu. Vikombe vikigongana jikoni, kichwa kilinipasuka. Nikalia, nikalivua mbele ya wageni.

"Ananiaibisha makusudi," alisema baba, akainuka kwenda kukata fimbo.

"Makusudi gani yanayosubiri jioni?" bibi alimuuliza. "Huyu amechoka mpaka ngozi, na wewe ndiye uliyemvalisha tena. Ukifika mpakani mwa shamba, acha fimbo. Leta isale."

Kwetu, jani la isale ndilo la kuombea msamaha, na anayepewa hakatai. Ila nilikuwa sijawahi kuona mkubwa akimpelekea mtoto. Baba alirudi na jani, akainama mbele yangu.

"Pole, mwanangu."

"Pokea kwa mikono miwili," bibi alininong'oneza, "usije ukamwacha ameinama na jani mkononi."

Nikapokea. Kisha nikalala kifua wazi mapajani kwa bibi, rozari ikiendelea, na hakuna aliyeniamsha nivae.