Ukuta wa Chumba Chetu

Nilirudi kutoka soko na mutoto mgongoni, nikakuta chumba chetu hakina ukuta mumoja. Mume wangu alikuwa ameng'oa mbao zote ili azungushie nyuma ya pickup ya zamani aliyokuwa akiifufua kwenye kiwanja chetu. Hapo uvumilivu wangu uliisha.

"Mama, tulia," aliniambia. "Vita ikifika hapa, huo ukuta ndio utatubeba."

"Na mvua ikitangulia?"

Alicheka, akaendelea kupiga misumari.

Tulikuwa tumekimbia vita kutoka kijijini kwetu Kibumba kwa miguu, nikiwa na mimba, kwa hiyo gari ile niliipenda. Ilikaa juu ya mawe ya volkano bila magurudumu wala injini. Asubuhi za ukungu niliingia ndani na mutoto, nikafunga macho, na kwa mawazo tukapita polepole kati ya mashamba ya viazi mpaka mulangoni kwa mama yangu.

Lakini mutoto alikuwa anakohoa. Nikachana karatasi ya daftari, nikamwandikia shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu:

"Ninamushitaki mume wangu. Amebomoa nyumba yenye watu ndani kwa ajili ya gari isiyo na moteri. Ninaomba arudishe ukuta leo, kabla ya mvua."