Nilimkatalia Mama Yangu Chuo Kikuu

Admin, funika jina langu kabisa, maana hata watu wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni baba wa miaka hamsini na nne, mkulima wa kahawa na ndizi huku Embu, karibu na Karurumo, na ni mzee wa kanisa. Nina mdomo mwepesi na kichwa kigumu. Mke wangu husema hivyo kila siku, na leo namkubalia.

Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Na si jina tu, yule mtoto anakuwa ni nyanya yake kabisa. Kwa hivyo kifungua mimba wangu nimemwita "mama" tangu azaliwe. Mama yangu mwenyewe, tuliyeishi naye boma moja, msichana akipita mtihani alikuwa anasema, "Nimepita." Akiugua malaria, "Leo nimelala vibaya." Tulikuwa tunacheka sana. Lakini jambo moja halikuwa la kucheka: mama alitolewa shule akiwa darasa la pili ili alee wadogo zake, na hilo hakuwahi kulisamehe.

Mwaka jana msichana alimaliza kidato cha nne, akapita vizuri. Kabla serikali haijaita wanafunzi wa vyuo vikuu, Jumapili moja pasta alitangaza kwamba chuo kikuu cha kanisa letu, ambacho bado ni kipya na kidogo, kinatafuta wanafunzi, na ingefaa watoto wa wazee watangulie. Nikasimama kabla sijafikiria. "Wangu yuko! Wa kwanza kabisa!" Vigelegele vikapigwa. Wiki hiyo kina mama wakaleta sanduku na blanketi. Mtoto mwenyewe sikuwa nimemuuliza hata neno moja.

Siku chache baadaye ujumbe ukaingia kwa simu. Ameitwa chuo kikuu cha serikali, kile kikubwa, kusomea uhandisi wa maji. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka tangu alipokuwa akipanda mlima na mtungi mgongoni, nyuma ya nyanya yake, kutoka mtoni. Chuo chetu cha kanisa hakikuwa na kozi hiyo. Huko angesoma biashara.

Alipiga magoti jikoni. "Baba, tafadhali. Hata karo ya serikali ni nafuu."

Nikamwambia, "Huko ni migomo tu, na watoto mia tano darasa moja, mwalimu hata hajui jina lako. Tena nimeshasema mbele ya madhabahu. Unataka niitwe mwongo?"

Mama akaingia na fimbo yake, akasimama katikati yetu. "Sikia wewe. Baba yangu alinitoa shule nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mtoto. Sasa nimeitwa chuo kikuu, na wewe niliyekuzaa ndiye unanikatalia?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilimwambia, "Mama, na hayo meno mawili utaenda kusoma nini?" Hakuna aliyecheka na mimi.

Kumbe alikuwa ameuza kuku wake mmoja, akanunua kufuli ya sanduku la msichana. Siku ya kuondoka kwenda chuo cha kanisa, alikataa kuitoa. Alisema kufuli hiyo ni ya mahali alipoitwa. Tangu siku hiyo hakunywa chai nyumbani kwangu. Nikimtumia chakula, sahani inarudi imefunikwa vilevile. Nikiuliza ana nini, ananitumia wajukuu: "Mwambieni niko shuleni." Nikasema huyu mzee atachoka kununa. Nami nikanuna.

Hakuchoka. Baridi ya Julai ilimpata kifuani, tukamkimbiza hospitali. Nilikaa kando ya kitanda nikamwita, "Mama." Akageukia ukuta. Alfajiri ya siku ya tatu akaenda, na sijawahi kulia namna ile tangu nizaliwe.

Tulipokuwa tukitoa vitu vyake baada ya mazishi, tukapata ile kufuli chini ya godoro, imefungwa ndani ya leso pamoja na funguo zake, haijawahi kufunguliwa.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, nikasema nimeondoa neno langu, mtoto wangu aende alikoitwa. Nilingoja kuaibishwa. Pasta akanishika mkono, "Mzee, si ungesema tu? Tungemwombea aende." Na yule mama aliyeleta blanketi akasema, "Kwani blanketi haliwezi kufunika mtu huko kwingine?" Wueh! Yaani aibu niliyoiogopa hivyo haikuwepo kabisa.

Nikauliza, nikaambiwa kuna nafasi ya kuomba kuhamia chuo cha serikali. Nikampelekea msichana fomu mwenyewe, na ile kufuli. Aliisoma fomu yote pale getini kwa chuo chao, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Baba, aliyeitwa huko tulimzika."

Nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo, nimekosa, naomba unisamehe."

Akasema, "Usiniite mama tena. Niite jina langu." Kisha akaniambia ana kipindi, akaingia ndani. Kufuli ikabaki mkononi mwangu.

Fomu inafungwa Ijumaa na haina sahihi yake. Nikimpigia simu hashiki. Mke wangu anasema nimwache kwanza, lakini nikimwacha hiyo nafasi inapita. Na hata akishika nitaanza vipi? Amekataa nimwite mama, na jina lake ni lile tuliloandika juu ya msalaba wa kaburi la mama. Kila nikijaribu kulitamka namwona mama akigeukia ukuta.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza kama mnataka, ninastahili. Halafu mnishauri: nimwite vipi huyu mtoto ndio aitike?