Kifaranga Anajifunza Kiko

Umma unatangaziwa, kwa heshima zote na taadhima, kwamba Kifaranga, mwonja chai mwenye ulimi mkali kuliko wote waliowahi kutemea ndoo ya kampuni, ameamua kuvuta kiko. Wenye mapafu na wayashike. Majirani wa upande unakoelekea upepo wanaombwa wawe na subira.

Hakuamua kwa raha. Kifaranga hakuwahi kuamua jambo kwa raha maishani mwake. Aliamua kwa woga, na safari hii woga ulikuwa na sababu: alikuwa amepandishwa cheo.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni hununua majani ya chai kutoka mashamba mengi, huyachanganya, kisha huyauza kwa wenye maduka. Kati ya kununua na kuuza kuna chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, meza nyeupe, vikombe vyeupe visivyo na mkono, na ndoo. Mwonja huchota chai kwa kijiko na kuifyonza kwa kishindo, fyuuup, kama mtu anayevuta kamasi mbele ya wakwe, ili ipasuke mdomoni na kuufunika ulimi wote. Kisha hutema, hutoa hukumu, huhamia kikombe kinachofuata. Asiyefyonza kwa nguvu haonji. Kifaranga alifyonza mpaka vioo vya dirisha vikaitikia, na nyumbani mkewe alikuwa amempiga marufuku kunywa supu wageni wakiwepo.

Ulimi huo uliweza kukuambia kwamba gunia fulani lililala jirani na sabuni. Tatizo lilikuwa uso ulioubeba. Mashavu yalikuwa ya mviringo, macho ya kuomba radhi, na ndevu ziligoma kabisa, zikatuma wajumbe wachache tu kidevuni. Mlinzi mpya wa getini alimuuliza kama amemletea baba yake chakula. Ndiyo maana aliitwa Kifaranga, na ndiyo maana alipoambiwa kwamba atakuwa Mwonja Mkuu na kwamba wanunuzi wanakuja kuonja chai ya msimu mpya, alianza kutafuta namna ya kuzeeka haraka.

Aliyemtangulia aliitwa Mzee Kimya. Huyo alikaa kitini na kiko mdomoni. Mnunuzi akiuliza swali gumu, Mzee Kimya hakujibu. Alikiuma kiko, akatazama dirishani. Mnunuzi akashusha sauti. Kimya kikazidi. Mnunuzi akaomba radhi kwa kuuliza. Mwishowe mzee alitikisa kichwa mara moja, na shehena nzima ikanunuliwa kwa kutikisa huko. Kifaranga alikuwa amelitazama tukio hilo kwa miaka, akakata shauri kwamba hekima imo kwenye kiko.

Duka la tumbaku lilikuwa la mama mmoja mjane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na maneno yasiyofungwa kwa chochote.

"Karibu, mwanangu. Babu kakutuma?"

"Hapana, mama. Ni cha kwangu."

Alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Mama yako anajua?"

"Mama, mimi nina mke."

"Haya, basi mkeo anajua?"

Kifaranga akaanza kuhesabu pesa. Mama Tumbaku akacheka mpaka akashika meza, kisha akamuuzia kiko kifupi cha mti mwekundu na kopo la tumbaku iliyokolezwa matunda. "Hii ni ya wanaoanza. Inanukia kama keki."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na nyumba yao ilijaa vitambaa vya watu: gauni la bibi harusi mlangoni, suti ya mwalimu kwenye kiti. Kitambaa kinakunywa moshi kama sifongo. Kwa hiyo Kifaranga alijifunzia juu ya paa, nyuma ya tangi la maji, akiwa amechuchumaa, shuka la zamani mabegani, masikio yakisikiliza ngazi. Kila mlango wa chini ulipolia, moyo nao ulilia.

Akashindilia tumbaku. Akawasha. Na hapo akafanya kosa ambalo muuza samaki asingelifanya, wala kinyozi, wala hakimu. Alifanya alichofanya kila siku ya Mungu kazini: akafyonza. Fyuuup! Kwa kifua chote. Moshi ukaingia kama treni iliyokatika breki, ukapita juu ya ulimi, na kwa kuwa mazoea yana taabu, akausukumia kwenye mashavu, akautembeza, kisha akatema. Hakuna aliyekuwa pale kumwambia kwamba kiko huvutwa polepole, kama mtu anayemnong'oneza mtoto alale.

Ulimi uliwaka kama umelambishwa pasi ya mkewe.

"Tumbaku mbaya," alijiambia, machozi yakimtoka.

Akarudi dukani siku ileile. Mama Tumbaku akampa nyeusi yenye harufu ya samaki aliyekaushwa kwa moshi. Akafyonza. Ikamchoma. Akapewa iliyobanwa kama kipande cha sabuni, ya kukata kwa kisu. Akafyonza. Ikamchoma zaidi. Akapewa iliyosokotwa kama kamba ya kufungia mbuzi, na akaonywa kwamba hiyo ni ya mabaharia na wajane. Akaifyonza, akakumbatia tangi la maji, akawaomba msamaha watu wote aliowahi kuwakosea, wakiwemo wasiojua.

"Bado inachoma, mama," alilalamika dukani.

"Mwanangu, hiyo ya kamba imewashinda wabeba mizigo. Wewe umetumwa na nani hasa?"

Hakuthubutu kusema ametumwa na woga.

Siku iliyofuata, kazini, alifyonza kikombe cha kwanza, na chai haikuwepo.

Maji ya moto yalikuwepo. Chai haikuwepo. Akafyonza tena, kwa nguvu iliyomfanya msaidizi wake ageuke. Vilevile. Ilikuwa kama kulamba ukuta. Akahamia kikombe cha pili, cha tatu: ukuta uleule. Mdomo ulikuwa wake, meno yake, lakini ulimi ulikuwa umehama bila kuaga.

"Vipi hii, mkuu?" aliuliza msaidizi, kalamu mkononi.

"Imechangamka," alisema Kifaranga.

"Na hii?"

"Hii nayo... imechangamka kwa namna yake."

Msaidizi aliandika. Kifaranga alimwona akiandika, na hakumzuia. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na kampuni alikuwa amesema uongo juu ya kikombe, na uongo ule ulikuwa umetoka laini, bila kukwaruza popote. Hilo lilimtisha kuliko kutoonja.

Tangu hapo aliishi kama mtu aliyemeza saa ya kengele asiyejua italia lini. Alikuwa akijifungia chooni na kuutoa ulimi mbele ya kioo. Uling'aa, mwekundu, umevimba pembeni, ukimtazama kama kiumbe mgeni. Alilamba chumvi: kitu kwa mbali, kama jina la mtu uliyesoma naye. Alilamba limau: ulimi uliwaka, ladha hapana. Aliwaza maisha bila ulimi. Kazi nyingine hakuijua. Mikono yake haikuwahi kushika nyundo; kichwa chake kilijaa ladha za vilima asivyowahi kuvifikia. Ulimi ukiondoka, anabaki nani? Mashavu tu, na mlinzi wa getini akimuuliza kuhusu chakula cha baba.

Mezani mkewe alimsogezea mchuzi. Alikula, akasifu.

"Mtamu sana, mke wangu."

Mkewe aliweka kijiko chini taratibu. "Nimemwaga chumvi kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Wewe, ambaye juzi uliniambia maji ya bomba yamebadilika, unasema mtamu?"

"Mapenzi, mke wangu."

"Mapenzi gani ya chumvi? Na huko juu ya paa unakwenda kufanya nini na shuka langu? Kuna mwanamke kwenye tangi?"

Mficha uchi hazai. Kifaranga alieleza yote: kiko, makopo, ulimi. Alingoja radi. Mkewe alimwambia atoe ulimi, akaumulika kwa taa ya cherehani, akaugeuza huku na huku kama anakagua pindo. Hakucheka. Kutocheka kwake kulimwogofya Kifaranga mpaka vidole vya miguu.

"Wanunuzi wanakuja lini?"

"Keshokutwa."

"Nenda kwa Mzee Kimya. Yeye amevuta miaka yote na ameonja miaka yote. Kamuulize."

Mzee Kimya aliishi kwenye nyumba ndogo yenye maua kwenye makopo. Alikuwa barazani akimenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kifaranga. Mbona umepauka? Umefiwa?"

"Mzee, nakuomba kwa heshima zote. Niambie tumbaku uliyokuwa ukivuta. Isiyochoma ulimi."

Mzee aliacha kumenya. "Nani kavuta?"

"Wewe, mzee. Kile kiko."

"Mimi niweke moto juu ya ulimi unaonilisha? Una wazimu wewe? Kiko kile hakijawahi kuiona njiti ya kiberiti tangu kitoke dukani!"

Maneno yake yalitoka na mluzi mwembamba: *fii, fii*. Mzee alifunika mdomo, akatazama kushoto na kulia, kisha akakiri kwa sauti ya chini. Alikuwa na meno ya bandia, na fundi aliyeyatengeneza aliyapimia mdomo wa mtu mwingine. Akizungumza, yalicheza. Akijibu swali refu, yalitaka kutoka nje kujibu yenyewe. Kiko kiliyabana.

"Na ule ukimya? Ule wa kutazama dirishani?"

"Nilikuwa nayarudisha mahali pake kwa ulimi, mwanangu. Ilichukua muda."

Kifaranga alikaa chini kwenye baraza. Taifa zima la wenye maduka lilikuwa limetetemeka mbele ya meno yaliyolegea. Lakini hakupata nguvu ya kucheka.

"Ulimi wangu utarudi?"

Mzee Kimya alimtazama muda mrefu, na safari hii hayakuwa meno. "Wa kwangu niliwahi kuuunguza kwa uji. Ulirudi. Wa moshi, sijui. Usiniombe nikudanganye."

Siku ya wanunuzi ikafika, kwa sababu siku za aina hiyo hazikosei njia. Mkurugenzi alivaa tai. Vikombe vilipangwa. Wanunuzi waliingia wakiongozwa na mmoja mnene mwenye pete, aliyezoea kuuliza maswali magumu.

Kifaranga alifyonza kikombe cha kwanza. Maji ya moto. Cha pili. Maji ya moto. Cha tatu kilikuwa na rangi nzito, na juu yake palikuwa na utando hafifu usiompendeza. Ulimi wake wa zamani ungekuwa umeshapiga kelele. Huu ulilala tu. Mnene akauliza kama hicho cha tatu kinafaa. Alikitoa kiko mfukoni, hakina tumbaku, akakiuma ili meno yasigongane. Akatazama dirishani kwa hofu tupu.

Chumba kikanyamaza.

Yule mnene akashusha sauti. "Samahani, mkuu, sikutaka kukuharakisha."

Kimya. Kifaranga aliendelea kukiuma kiko.

"Sisi tunategemea neno lako," mnene aliendelea, sasa karibu ananong'ona. "Ukitikisa kichwa tu, hicho cha tatu tunachukua chote."

Kiko kilikuwa kimefanya kazi. Hilo ndilo lililomtia baridi. Walikuwa wanamwogopa yeye, na yeye alikuwa anaogopa kikombe, na kikombe hakikuwa kinamwogopa mtu. Kutikisa kichwa mara moja tu, na angekuwa Mwonja Mkuu mpaka azeeke, akisema *imechangamka* juu ya vitu asivyovijua, akisubiri kila siku atakayetokea na kusema kwamba chai inanuka sabuni. Aliona miaka hiyo yote imepangwa mbele yake kama vikombe.

Akakitoa kiko mdomoni.

"Ulimi wangu umeungua," alisema. Sauti ilipanda na kupasuka kama ya mvulana anayebalehe. "Sionji kitu. Hiki cha tatu sijui ni chai au ni maji ya kuoshea soksi."

Mkurugenzi alilegeza tai. Mnene alikitazama kikombe cha tatu, akakinusa mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza katika biashara yake, akakirudisha mezani haraka.

Hukumu ilitolewa kwenye korido, wanunuzi wakipewa biskuti. "Kiti nitakuwekea," mkurugenzi alisema kwa meno yaliyofungwa. "Mzee Kimya atakishikilia. Ulimi ukirudi, utarudi nao. Usiporudi, ghalani kuna magunia ya kushona. Na hicho kijiti kisionekane tena hapa."

Kifaranga akashuka ghalani. Alishona magunia vibaya, akila chakula kisicho na ladha, akiamka kila asubuhi na kuogopa kufungua mdomo. Juu, alisikia mluzi wa Mzee Kimya akitoa hukumu, *fii*, na wanunuzi wakicheka. Mkewe alimpikia bila kuuliza kitu. Alimtazama tu akila, kisha akatazama pembeni.

Hata mchana mmoja wa mapumziko, kijiko cha pili kikiwa njiani kuelekea mdomoni, Kifaranga alisita. Akakunja uso.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Sema tena."

"Imezidi, mke wangu. Na kitunguu kimeungua kidogo."

Mkewe alipiga vigelegele mpaka mteja aliyekuja kuchukua suti akadhani kuna uchumba. Mwanamke gani mwingine amewahi kushangilia chakula chake kikitukanwa?

Alirudishiwa kiti. Njiani akitoka kazini alipitia dukani na mfuko wa makopo, yote yamefunguliwa, yote bado karibu yamejaa. Mama Tumbaku aliyapanga mezani moja moja, akavua miwani, akakunja mikono kifuani kama hakimu.

"Mwanangu, nimesikia kumbe wewe ni mtu mkubwa. Ulimi wako unasikilizwa na matajiri. Nimeuza tumbaku tangu ujana, sijawahi kupata mteja mwenye ulimi wa aina hiyo akazijaribu zangu zote. Nitaandika neno lako mlangoni, kwa herufi kubwa, watu wasome. Hebu niambie bila woga: kati ya zote hizi, ipi ndiyo bora?"

Kifaranga aliyatazama makopo.

"Sijui, mama. Ulimi uliungua na ile ya kwanza."